Mrejesho: kuacha uongo mdogo mdogo

Wapendwa, niliwauliza mtu aachaje uongo wa "niko njiani" na kumbe bado hajaoga. Mlionipeleka Waefeso 4:22–25, Mungu awabariki. Pale kuna kuvua utu wa kale, kufanywa upya katika nia, na kuvaa utu mpya. Wengi tunaishia kuvua: tunaapa kuacha uongo lakini hatuvai kweli mahali pake, nafasi inabaki tupu, uongo unarudi. Mzizi wake mara nyingi ni kuogopa watu. Tubu hilo kwanza. Ukishadanganya, piga simu palepale: "Nimekudanganya, bado niko nyumbani, nisamehe." Usiongeze sababu, maana ndizo huzaa uongo wa pili. Kisha Yakobo 5:16: ungama kwa muumini mmoja anayetunza siri, si kwenye grupu la WhatsApp.