Tupeane uzoefu: vitabu vya hadithi kwa watoto wa awali, kwako vinasomwa au vimefungiwa kabatini?

Mwalimu Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Huku kwetu mvua ina siku ya tatu. Watoto wanaingia darasani wamejifunika mifuko ya mbolea, na ikishapiga kwenye bati, hata ukipaza sauti vipi husikiki. Zamani siku kama hiyo nilikuwa nawaambia walaze vichwa mezani. Siku hizi nachukua kitabu kimoja cha hadithi, nasimama katikati yao, nafungua picha bila kusema neno. Fisi akijificha nyuma ya kichaka, na mimi nainama, nao wanainama. Nikigeuza ukurasa wanashika midomo. Mvua ikipungua wanapasuka wote kwa pamoja kusimulia, kila mmoja na yake, ndipo ninaposoma maandishi tuone nani alipatia.

Huu ni mwaka wangu wa tisa awali. Mwanzoni nilikuwa mtu wa irabu na silabi tu, a e i o u, ba be bi bo bu, darasa linaimba mpaka wa jirani analalamika. Nilikuja kushtuka mwaka wa tatu. Kijana mmoja alisoma ubaoni neno "mashua" bila kukwama. Tukampigia makofi. Nikamwuliza, mashua ni nini? Akanitazama kama mjinga ni mimi. "Mwalimu, ni ma-shu-a."

Kiswahili chetu kinasomwa kama kilivyoandikwa, ndipo mtego ulipo. Mtoto akizishika silabi anaweza kukutamkia gazeti zima, na wewe ukajaza kwenye ripoti kwamba anajua kusoma. Kitabu cha hadithi kinamuumbua mapema. Simama katikati ya ukurasa uulize, "Unadhani sasa sungura atafanyaje?" Aliyekuwa anaimba silabi tu atanyamaza.

Kwangu kitabu kimoja kinakaa wiki nzima. Jumatatu ni jalada na picha tu. Jumanne nasoma mwanzo mpaka mwisho, kidole kinatembea chini ya maneno waone tunatoka kushoto kwenda kulia. Jumatano nasoma nikikosea makusudi, na ole wangu niseme sungura alimbeba tembo. Alhamisi tunaigiza. Ijumaa nampa mmoja "atusomee": anashika kitabu, anasimulia kwa kichwa. Akikishika juu chini simgeuzii, mwenzake atamgeuzia.

Haya, tupeane uzoefu. Nadharia za semina tunazo, leteni visa.

Kamwene wa Kilolo

Kamwene mwalimu. Mimi nina kisa cha kabati.

Miaka ile ya mradi wa Tusome Pamoja hapa mkoani Iringa tulipigwa mafunzo ya kutosha juu ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na hadithi zilisisitizwa sana. Baadaye nikahamia shule nyingine, siitaji. Nikaulizia vitabu vya hadithi. Vipo, tena vingi, stoo, ndani ya boksi ambalo gundi yake haijabanduliwa. Mkuu akaniambia bila ubaya wowote: "Mwalimu, hii ni mali ya serikali, vikichanika atajibu nani?" Nikarudi darasani na chaki yangu.

Muhula wa pili tukafungua stoo kutafuta majembe. Panya walikuwa wameshafungua boksi kabla yetu, hao ndio waliokuwa wasomaji wa kwanza wa vile vitabu! Vingine vimeliwa pembe, vingine uti wa mgongo umebaki nyuzi. Nikaomba nipewe vile vibovu, na kwa kuwa vilishahesabiwa hasara, nikapewa. Nikavishona kwa sindano ya gunia, nikavitundika kwenye kamba dirishani, usawa wa mtoto.

Ajabu ni kwamba kitabu kibovu hakina mtu wa kukiogopea. Watoto walivishika watakavyo, wakavilalia, wakavigombania. Kitabu chenye sungura asiye na masikio (pembe ililiwa) ndicho kilipendwa kuliko vyote. Kila siku wanabishana masikio yalienda wapi. Mwisho wa mwaka mkuu alipita, akasimama dirishani muda mrefu, kisha akaagiza vile vizima vitolewe. Kuchanika vimechanika, sikatai. Tunatenga Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuvitibu kwa gundi ya unga, na watoto wanaiita siku ya hospitali.

Baba Wawili, Mwanjelwa

Mimi si mwalimu, ni mzazi, naendesha bajaji. Mwalimu wa mwanangu alianza kuwapa kitabu kimoja kwenda nacho nyumbani mwishoni mwa wiki, ndani ya mfuko wa nailoni. Jumamosi usiku nikakaa nikamsomea kama ninavyosoma tangazo la TRA. Nimefika ukurasa wa pili, mtoto akanishika mkono: "Baba, fisi haongei hivyo." Akanionyesha fisi anavyoongea. Sasa hivi abiria wangu wananisikia kwenye foleni najifanyia mazoezi.

Mstaafu Uyole

Nimefundisha miaka thelathini na minne, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali kidogo. Sisemi hadithi ni mbaya. Sisi wenyewe tumelelewa na "hadithi hadithi, hadithi njoo". Lakini awali ni mwaka mmoja tu kabla ya darasa la kwanza, na nimeona madarasa ya watoto themanini na zaidi. Kitabu kimoja mkononi kwa mwalimu, aliyeketi nyuma anaona nini? Kisogo cha mwenzake. Na mzazi akija shuleni anakagua daftari, hakagui hadithi.

Mwalimu Tukuyu

Shikamoo mzee. La kisogo umenipatia hasa, nilihangaika nalo muda mrefu. Ninachofanya ni kuwagawa. Kundi moja liko kwenye mkeka na mimi, wengine wako nje wanahesabu visoda au wanachora ardhini kwa vijiti, na mwenzangu wa darasa la kwanza ananisaidia kuwatupia jicho. Hadithi ile ile naisoma mara tatu kwa siku, sauti inakauka. Nyingine nazichora upya kubwa kwenye karatasi za mfuko wa saruji, ukurasa mmoja mfuko mmoja, nazishona juu kwa mkonge. Hata wa nyuma anamwona fisi. Mafundi wa ujenzi mtaani wananijua, wakimaliza mfuko wananikung'utia.

La daftari sina dawa. Mwaka juzi mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake kwa sababu "shule hii wanacheza tu". Liliniuma.

Mkinga wa Makete

Niongeze la lugha, naona hakuna aliyeligusa. Watoto wangu wanafika awali Kiswahili wakikisikia kwa mbali, nyumbani ni Kikinga. Nikipewa kitabu cha bahari na minazi nabaki natafsiri mara mbili. Kwanza neno, halafu kitu chenyewe, maana hapa kwetu mtoto anachokijua ni baridi na viazi mviringo.

Kuna binti alikuwa haongei kabisa darasani. Nikampa kitabu aende nacho. Anaishi na bibi yake, na bibi hajui kusoma. Jumatatu akarudi, akasimama mwenyewe, akaanza kusimulia kwa Kikinga, ukurasa kwa ukurasa. Ila hadithi si ile! Kwenye maandishi mtoto anapotea sokoni. Kwa bibi, mtoto anamkimbia mama wa kambo. Picha zile zile, na zinakubali kabisa. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Wenzake walikuwa wamekaa kimya, na ndiyo mara ya kwanza walisikia sauti yake.

Siku iliyofuata nikawaambia hiki kitabu kina hadithi mbili, ya bibi na ya kwenye maandishi. Nikasoma ya maandishi kwa Kiswahili. Kwa kuwa ya bibi walishaielewa, maneno mapya yalipata pa kushikia. Najua lugha ya kufundishia awali ni Kiswahili, na mkaguzi akija nitamwambia hivyo hivyo. Ila nikisubiri binti yule akijue Kiswahili kwanza ndipo afungue mdomo, mwaka ungekwisha.

Mstaafu Uyole

Hapo kwa bibi nimenyamaza. Mke wangu ananicheka hapa pembeni.

Parachichi Njombe

Kwa wasio na vitabu kabisa: African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini chini ya shirika la elimu la Saide, wameweka mtandaoni hadithi fupi za picha, na Kiswahili kimo. Ni bure, na leseni yao inakuruhusu kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha maneno, mradi utaje waliotunga. Mimi huenda steshenari na flashi, natoa kopi nyeusi, watoto wanapaka rangi wenyewe. Soma kwanza kabla ya kuchapa. Baadhi ya matoleo yana Kiswahili cha Kenya, mimi nimewahi kugeuza "matatu" kuwa "daladala". Taasisi ya Elimu nao wana Maktaba Mtandao, huko mtapata vitabu vya kiada.

Ila vilivyonifanyia kazi kuliko vyote tulivitunga wenyewe. Msimu wa parachichi niliwaambia kila mtoto achore alichokiona shambani. Mmoja akachora ngazi, mwingine makreti. Mwingine akachora magurudumu tu, manne, na matope. Nikamwuliza gari liko wapi? "Limezama." Nikaandika chini ya kila mchoro maneno waliyoniambia, kama walivyosema, nikashona. Ukurasa wa "limezama" waliusoma wote, hata wale ambao bado walikuwa hawajamaliza irabu. Wazazi wakaja kukisoma, kwa sababu ni gari la mtu wanayemfahamu. Mwenye gari naye akaja, hakufurahi sana.

Baba Wawili, Mwanjelwa

Hahaha. Hicho kitabu nakitaka.

Wa Matema

Mwalimu Tukuyu, uzi mzuri, ila mimi nimekwama kwa yule kijana wa mashua. Yuko Rungwe, Ziwa Nyasa liko hapa chini, ni kuteremka tu! Mlete huku ufukweni aone, ingawa atakuta mitumbwi mingi kuliko mashua. Yuko darasa la ngapi sasa?

Mwalimu Tukuyu

Nimecheka sana. Yuko la sita, mdogo wake ndiye niliye naye awali mwaka huu. Kesho mvua ikikatika nitamwita nimwulize mashua ni nini, halafu nitarudi hapa.