Swala, maumivu ya magoti na wasiwasi wa kurudia takbira

Mtafuta Utulivu

Assalaamu alaykum warahmatullah. Mara nyingi katika mawaidha husikia kwamba swala ni mazoezi ya mwili na tiba ya moyo, nami sina shaka kwamba Aliyeifaradhisha anatujua kuliko tunavyojijua. Hata hivyo, mama yangu anaumwa magoti, na kila anapoinuka kutoka katika sijda uso wake hukunjamana kwa maumivu, lakini akiletewa kiti hukataa kwa kuhofia kwamba thawabu zake zitapungua. Mimi nami nasumbuliwa na wasiwasi: nikishatia nia na kupiga takbira, ile "Allahu Akbar" ya kufungulia swala, nahisi haikutimia, naikata na kuanza upya, hadi imamu anarukuu nami bado sijaingia katika swala. Ikiwa swala huleta afya na utulivu, mbona sisi wawili tunaipata kwa taabu, na tufanye nini?

Mhudumu wa Viungo

Waalaykumu ssalaam. Kazi yangu ni tibamaungo, kwa hiyo nitajibu upande wa mwili. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina rukuu moja na sijda mbili, yaani mtu husujudu mara 34 kwa siku kabla hajaongeza sunna. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu hukunjwa na kunyooshwa vilivyo, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu anayeshinda ameketi.

Lakini manufaa hayo yanataka utulivu. Yule bwana aliyeswali harakaharaka mbele ya Mtume (s.a.w.) alirudishwa mara tatu akiambiwa kwamba hajaswali, kisha akafundishwa arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie. Nasaha hiyo inaufaa hata mwili, kwa sababu mzee au mtu anayetumia dawa za presha akiinuka ghafla, presha yake huweza kushuka akashikwa na kizunguzungu.

Kuhusu mama, goti ambalo gegedu yake, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, imelika huumia zaidi linapokunjwa kabisa huku limebeba uzito. Kama anaweza kusimama na kurukuu, na afanye hivyo, kisha wakati wa sijda aketi kitini na kuinama chini zaidi ya alivyoinama katika rukuu. Mwenye presha ya macho, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, naye amuulize daktari wake kuhusu kusujudu.

Mwanafunzi wa Fiqhi

Hofu ya mama yako ina jibu lake, ndugu yangu. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Tena imepokewa katika Bukhari kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Msomee mama hadithi hii kwa upole, kwani wazee wetu hushika ibada kwa mapenzi makubwa.

Ama wasiwasi wako, hata Uthman bin Abil-As (r.a.) alilalamika kwamba shetani anamvurugia swala na kisomo chake, naye akaelekezwa amwombe Mwenyezi Mungu kinga na ateme kidogo kushotoni mara tatu. Hakuambiwa aanze upya. Nia mahali pake ni moyoni, na mtu aliyetawadha, akaelekea kibla na kujipanga safuni kwa ajili ya Adhuhuri, anajua alichokuja kufanya. Mwenye shaka ya kawaida katika idadi ya rakaa hushika iliyo chache na kusujudu sijda ya kusahau, lakini yule ambaye shaka imekuwa ndiyo hali yake, wanachuoni humwambia aipuuze.

Umm Rayyan

Mimi naomba tuwe waangalifu kuiita swala mazoezi. Afya ni fadhila inayoifuata ibada, nasi tunasimama kwa ajili ya Mola wetu. Ni kweli Qur'ani (13:28) inasema kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia, na wengi tumeiona raha hiyo. Lakini aya hiyo isigeuzwe fimbo ya kumpigia mgonjwa wa sonona au wa wasiwasi uliokithiri kwa kumwambia kwamba imani yake ni haba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwishaandika juu ya maradhi ya mwili na ya nafsi kwa pamoja, na wasiwasi akauweka humo. Ndugu muulizaji, kila unapoirudia takbira unapata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha wasiwasi kurudi. Mwone mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa yapo matibabu ya kumzoesha mtu kuvumilia shaka bila kurudia, na wengine husaidiwa na dawa.

Mtafuta Utulivu

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Je, nikipiga takbira moja na moyo ukaendelea kukataa hadi salamu?

Mwanafunzi wa Fiqhi

Endelea na swala yako, ndugu yangu, na ukishatoa salamu usiirudie. Kwa hali uliyoieleza swala hiyo ni sahihi, hata kama moyo haujakubali siku hiyo.