Naomba ushauri: kumpeleka baba kuvua na nahodha wa kukodi, Tampa Bay, Florida

MwanaKivinje aliandika:

Ndugu wanajukwaa, assalamu alaykum na habari za siku nyingi. Ninaishi Atlanta, na katikati ya Januari, Mungu akipenda, nitampokea baba yangu kutoka Kilwa Kivinje, ambaye atakaa nasi hadi katikati ya Aprili. Baba ana umri wa miaka 72. Alivua kwa zaidi ya miaka 40, kwa mshipi, kwa dema na kwa ngalawa aliyoiendesha mwenyewe, mpaka goti la kulia lilipomlazimisha kuacha. Tangu hapo, kila nimpigiapo simu, swali lake la kwanza baada ya salamu ni kama huku niliko kuna bahari, nami humjibu kila mara kwamba ipo, ila ni mbali.

Safari hii nimekusudia kumfikisha. Nimechagua Tampa Bay, upande wa magharibi wa Florida, mwendo wa takriban saa saba kwa gari kutoka hapa. Nia yangu ni kukodi boti pamoja na nahodha wake, tuvue ndani ya ghuba kwenye maji ya kina kifupi yenye mikoko, tusitoke bahari kuu. Tutakuwa wanne: baba, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitano. Nahodha mmoja amenitajia dola 500 kwa saa nne, mwingine dola 750 kwa saa sita, na wote wawili wanataka sehemu ya fedha mapema. Likizo ninaweza kuichukua wiki ya mwisho ya Januari au wiki ya mwisho ya Machi, na moyo wangu unaelekea Januari kwa sababu sipendi kumsubirisha mzee.

Naomba kujua kama bei hizo ni za boti nzima au za kila mtu, kama tunahitaji leseni za uvuvi, na ni mambo gani niyaulize kabla sijatoa fedha. Lakini linalonisumbua zaidi ni hili: baba hajawahi katika maisha yake kumrudisha baharini samaki mzuri, na nasikia huku watu huvua na kuachia. Sitaki nimpeleke mahali atakaporudi na huzuni.

MkaaTampa alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na yaliyo mepesi. Bei uliyotajiwa kwa kawaida ni ya boti nzima, lakini mwambie nahodha aiandike hivyo, pamoja na idadi ya watu. Leseni za uvuvi hamtahitaji, kwa kuwa nahodha mwenye leseni ya jimbo ya kubeba wavuvi huwa leseni yake inawatosha na abiria wake wote. Unachopaswa kukiuliza ni leseni yake nyingine, ile inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambayo kwa daraja la manahodha wengi wa boti ndogo inaruhusu abiria wasiozidi sita wanaolipa. Nahodha wa kweli hachukii kuulizwa jambo hilo.

Kuhusu mwezi, nakuomba sana uiache Januari. Watu wakisikia Florida hudhani ni joto mwaka mzima, na mzee aliyezoea bahari ya Kilwa atashangaa. Wakati wa baridi pepo za kaskazini hushuka kila baada ya siku chache, maji ya ghuba hushuka hadi nyuzi 16 au 17 za Selsiasi, na upepo huo huyasukuma maji nje ya ghuba hata fungu zima la majani ya bahari likabaki kavu saa za asubuhi. Samaki hukimbilia kwenye mashimo na mifereji ya kina kirefu. Nahodha hodari atawapata, lakini utakuwa umemkalisha mtu wa miaka 72 kwenye boti iliyo wazi, katika upepo unaokata masikio, kwa saa nne.

Mwishoni mwa Machi maji huwa yamerudi kwenye uvuguvugu, na vidagaa vinavyotumika kama chambo huingia tena ghubani kwa makundi. Kisha kuna jambo linalogusa swali lako kubwa. Samaki anayetafutwa kuliko wote kwenye mikoko ya huku ni snuku, mwenye mstari mweusi ubavuni tangu shingoni hadi mkiani. Januari hairuhusiwi kumchukua hata mmoja, kwa sababu msimu wake katika upande huu umefungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na hufungwa tena kuanzia tarehe 1 Mei. Machi na Aprili ndiyo miezi miwili ya katikati ambayo baba yako anaweza kumpata na kumpeleka jikoni, mmoja kwa kila mtu, iwapo urefu wake uko kati ya inchi 28 na 33.

Kimia alijibu:

Kaka MwanaKivinje, naandika kwa kuwa nimelipitia hili na mjomba wangu wa Pangani, ambaye naye ni mvuvi.

Mjomba alipanda boti kimya, akakaa na mikono magotini kama mgeni msibani. Nahodha alitupeleka kwanza kutafuta chambo pembeni ya fungu. Alisimama mbele, akauma ukingo wa wavu kwa meno, akazungusha mwili na kuurusha, nao ukafunguka duara na kuzama. Mjomba alisimama. "Hicho ni kimia," akaniambia kwa sauti ambayo sikuisikia tangu ashuke kwenye ndege. Nahodha alipovuta, dagaa wakajaa wanang'aa, na mjomba akanyoosha mkono kuomba wavu. Nikatafsiri. Nahodha akampa. Mrusho wa kwanza ulikunjika kwa sababu risasi za wavu ule ni nzito kuliko alizozoea. Wa pili ulifunguka wote.

Baadaye tulipofika penye mikoko, nahodha alizima mashine, akapanda kwenye jukwaa dogo juu ya tezi na kuisukuma boti kwa pondo, polepole, bila kishindo. Mjomba hakuhitaji tena tafsiri yangu. Aliitazama mikoko ile na kuniambia kwamba ule wenye mizizi kama miguu ya kaa ni mkoko kabisa, na ule wenye vijiti vilivyochomoza matopeni ni mchu. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba si miti ileile ya kwetu, bali ni ndugu zake wa karibu, kila mmoja na mwenzake.

Sasa kuhusu kuachia. Mjomba alimpata redifishi, samaki wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi karibu na mkia. Alilazwa juu ya ubao wa kipimo: inchi 29. Anayeruhusiwa kuchukuliwa ni wa inchi 18 hadi 27 tu. Nahodha akamrudisha majini, akamshika kwa mikono miwili mpaka alipopiga mkia na kwenda zake. Uso wa mjomba ulibadilika, nami nikaona hasira inakuja. Nilimweleza kwamba huku huachia mdogo kwa kuwa hajazaa, na mkubwa kwa kuwa ndiye mzazi, na kwamba nusura wawamalize samaki hao kabla ya kuweka kipimo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wangeniambia kabla sijamshika." Hilo ndilo ninalokuachia. Mweleze baba nyumbani, kwenye meza, kabla ya safari. Akijua sheria tangu mwanzo, atavua kwa moyo mweupe. Akiijua samaki akiwa mkononi, ataona amenyang'anywa.

Ngalawa alijibu:

Nachangia kuhusu fedha za awali, maana niliumia. Mwaka mmoja nililipa nusu ya gharama kwa nahodha ambaye sitamtaja, na asubuhi ya safari kukawa na radi. Alinipigia simu akasema hatutoki, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa, lakini nilipoomba tarehe nyingine akajibu kwamba fedha ya awali hairudi na haihamishwi. Hatukuwa na maandishi yoyote. Dola 250 zikaishia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma chochote, pata maandishi mafupi yanayosema ni nani mwenye uamuzi wa kuahirisha kwa ajili ya hali ya hewa, na fedha inakwenda wapi akiahirisha yeye na ukiahirisha wewe. Ulizia pia kama chambo, barafu, vifaa na kuwasafisha samaki vimo kwenye bei. Tenga na asilimia 15 hadi 20 ya bakshishi, kwani ndiyo desturi ya huku na nahodha huitegemea.

Kingine ni maji mekundu. Pwani hiyo ya magharibi hupatwa mara kwa mara na mlipuko wa viumbe wadogo sana wa majini waitwao *Karenia brevis*, ambao huua samaki na kuwakohoza watu walio ufukweni. Tume ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya Florida hutoa ramani za hali hiyo, pamoja na sheria za vipimo na misimu kwa kila eneo. Zitazame wiki moja kabla ya safari, kwa sababu sheria hizo hubadilishwa.

MamaWawili alijibu:

Wengi hulisahau hili, nami nalisema kwa ajili ya mkeo na mzee: boti hizi ndogo nyingi hazina choo. Uliza waziwazi, na kama hakipo, uliza kama nahodha atawarudisha gatini bila manung'uniko.

Usikubali ile boti nyembamba ya maji haba kabisa, ambayo kwa kawaida ni ya wavuvi wawili. Waombe boti ya ghuba yenye nafasi ya watu wanne, viti vyenye egemeo na kivuli, na uliza kimo cha kushuka kutoka gatini hadi ndani ya boti, maana goti ndilo litakaloamua. Mtoto wa miaka mitano lazima avae jaketi la kuokolea wakati wote boti ikiwa safarini. Ni sheria ya Florida kwa walio chini ya miaka sita kwenye boti za namna hiyo. Mleteeni la kwenu linalomtosha. Na chagueni safari ya asubuhi ya muda wa saa nne badala ya ile ya muda wa saa sita, ili mzee ashuke akiwa bado na nguvu na aiwahi adhuhuri nchi kavu.

MwanaKivinje alijibu:

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, Mungu awalipe. Nimeiacha Januari. Dada Kimia, maneno yako nimemsomea mke wangu, na tumekubaliana kwamba baba ataelezwa akifika tu. Nina swali moja zaidi: baba hajazoea fimbo yenye gurudumu. Je, naweza kuomba avue kwa mshipi wa mkono?

MkaaTampa alijibu:

Omba, lakini omba sasa, wala usisubiri siku ya safari. Mwandikie nahodha kwa maneno ya wazi kwamba abiria wako mkuu ni mvuvi wa mshipi mwenye miaka 72 na goti bovu, kwamba angependa kupata samaki wa kula, na kwamba hamtafuti samaki wa picha. Barua hiyo itakuokoa na mengi. Nahodha asiyeambiwa kitu atadhani mnataka samaki mkubwa kuliko wote, naye atamaliza asubuhi akiwafukuzia tarponi, ambaye huku ni wa kuachia tu.

Kwa mshipi wa mkono anafaa zaidi shipshedi, samaki wa milia myeusi na myeupe, mwenye meno ya mbele yanayofanana na ya binadamu. Hukaa kwenye nguzo za madaraja na magati akikwangua makome, na mwezi Machi bado wamejaa. Chambo chake ni kamba au kaa mdogo. Huonja kwa siri sana, na mkono uliozoea mshipi humsikia mapema kuliko fimbo. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na kipimo chake cha chini ni inchi 12. Kuna pia changu mdogo wa mikokoni, anayeruhusiwa kuanzia inchi 10.

Jambo la mwisho ni maji. Baba yako atataka kujua bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo), na mwezi wa kwetu ndio wa huku. Lakini mwambie kwamba tofauti ya kujaa na kupwa Tampa Bay kwa kawaida haifiki hata mita moja, ilhali Kilwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na kwamba zipo siku ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku nzima.

MwanaKivinje alijibu:

Nimeandika kama ulivyonielekeza, na manahodha wote wawili wamenijibu. Wa dola 750 ameniambia kwamba mshipi wa mkono unamwekea hatari ya ndoana kwa mtoto, nami sikumlaumu. Wa dola 500 ameuliza unene wa mshipi anaoutumia baba, upande gani wa goti unaouma, na kama mzee angependa kurusha wavu wa chambo mwenyewe. Amenitumia namba za leseni zake bila kusita. Boti yake haina choo, lakini tutavua karibu na daraja, dakika kumi kutoka gatini, na ameandika kwamba akiahirisha yeye kwa hali ya hewa, fedha inahamia siku nyingine au inarudi yote. Nimelipa dola 150, Jumanne ya mwisho ya Machi, saa moja asubuhi.

Jana usiku nimempigia baba nikamweleza habari za inchi 28 na 33, na kwa nini mkubwa huachiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo tutayapima hukohuko. Kisha akaniuliza kama Jumanne hiyo saa moja maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa, na nikalazimika kumwomba asubiri nikafungue jedwali.