Kamera ya kuanzia kazi: Canon R50, Sony a6400, Nikon D7200 au 5D Mark III?

Chipukizi_wa_Picha
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimeangalia video za uchambuzi mpaka kichwa kinauma na kila mchambuzi anasifia ile aliyoishika mkononi. Mimi napiga picha kwa simu, watu wameanza kuniita kwenye bethdei, vikao vya harusi, mahafali, mchana nje hamna shida kabisa ila tukiingia ukumbini usiku simu inatoa picha zenye chenga na mtu akitembea kidogo tu anakuwa kivuli. Kazi yangu ni picha, video kidogo sana. Hela yangu inabeba kimojawapo kati ya hivi:

Canon R50 mpya na lenzi yake ya 18-45
Sony a6400 mtumba na 16-50
Nikon D7200 mtumba, hapa inabaki chenji ya lenzi nyingine
Canon 5D Mark III mtumba na 50mm f/1.8 basi

Nichukue ipi na kwanini?

Jicho_Kali
Sony. Usijiulize mara mbili.

Mzee_wa_Negativu
Kijana anaomba sababu wewe unampa jina la kampuni. Chipukizi, huko ukumbini utatumia flashi au utategemea taa zilizopo?

Chipukizi_wa_Picha
Flashi sina mzee wangu, ila kuna jamaa anaachana na mambo ya picha ana Godox TT685 ya Canon, ananipa kwa bei ya kishkaji.

Mzee_wa_Negativu
Basi hapo R50 inaanza kukukwepa. Ni kamera nzuri, nyepesi, gramu 375 tu ikiwa na betri na kadi, fokasi yake inashika jicho la mtu vizuri sana, lakini angalia pale juu panapokaa flashi. Wameweka kiatu kipya kisicho na kile kidoti cha katikati ambacho flashi za miaka yote zinakitegemea ili ziwake, kwahiyo kwa flashi ya zamani unaongeza adapta ya AD-E1. Wachambuzi wengi wa video hawakuambii hili kwasababu wao hawapigi na flashi.

Chipukizi_wa_Picha
Duh, hilo sikuwahi kulisikia popote.

dada_shata
Naongezea kwenye R50. Shida kubwa sio bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ni hiyo lenzi 18-45. Ukiizumu mpaka mwisho inafunguka f/6.3 tu (namba ya f ikiwa ndogo ndio lenzi inafunguka zaidi), sasa linganisha na f/1.8, tofauti ya mwanga unaoingia ni kama mara 12. Maana yake nini kwa kazi yako: pale ambapo lenzi ya f/1.8 inapiga kwa ISO 1,000 hivi (ISO ni kamera kuongeza nguvu ya mwanga, ikipanda na chenga zinapanda) na picha inatoka safi, hiyo ya 18-45 kwa kasi ileile ya shata inadai ISO 12,800, na chenga ulizozikimbia kwenye simu unakutana nazo tena, safari hii umezilipia. Na 16-50 ya Sony ni hadithi hiyohiyo, inaishia f/5.6. Ndio maana mtu ananunua kamera mpya anapiga picha ya kwanza usiku anasema mbona simu ilikuwa bora, kumbe simu ina lenzi iliyofunguka sana na programu inayochanganya picha kadhaa kuwa moja.

Kwahiyo usiniulize bodi ipi, niulize hela ikigawanywa bodi inakula ngapi na lenzi inabaki na ngapi. Kwa hesabu hiyo namba 3 na 4 ndio zina akili.

Simu_Inatosha
Mbona mnamtesa kijana wa watu, kuna simu zina megapikseli 200 na hayo makamera yenu yote yanaishia 24 😂 anunue simu nzuri amalize

dada_shata
@Simu_Inatosha karibu. Megapikseli 200 zimebanwa kwenye sensa ndogo (kile kipande kinachopokea mwanga), ile ya APS-C ambayo iko kwenye R50, a6400 na D7200 ina eneo kama mara tano ya sensa kubwa za simu za aina hiyo, na fulfremu ya 5D ni milimita 36 kwa 24, hapo usiseme. Na hiyo simu yenyewe ukipiga kawaida inaunganisha vidoti 16 kuwa kimoja inakupa picha ya megapikseli 12 hivi. Megapikseli 24 ni picha ya 6,000 kwa 4,000, unaiprinti kwa vidoti 300 kila inchi inakupa inchi 20 kwa 13 bila kuilazimisha. Mteja wako wa bethdei anataka kubwa kuliko hiyo aitundike wapi?

Simu_Inatosha
Sawa dada nimekaa chini

Jicho_Kali
Ngojeni nirudi na sababu basi maana mzee kanisema. a6400 ni ya 2019, D7200 ni ya 2015 na 5D Mark III ni ya 2012. Fokasi za hizo DSLR mbili (kamera zenye kioo ndani, D7200 na 5D) zinatumia vidoti vilivyojazana katikati ya fremu, D7200 vipo 51, 5D vipo 61, na hazikutafutii jicho ukichungulia kwenye kioo. Bwana harusi anatembea anakuja kwako na wewe uko f/1.8, fokasi inakaa kwenye tai au kwenye ua la koti, jicho limeyeyuka. Sony ina vidoti 425 vimeenea karibu fremu nzima inashika jicho inalifuata, wewe kazi yako kupanga picha tu. Na kiatu chake cha flashi kina kidoti cha katikati kama kawaida, hiyo Godox ya Canon itawaka ila nguvu utaweka mwenyewe kwa mkono. Halafu lenzi, Sigma wana 16, 30 na 56 zote f/1.4 za mlango wa E (pale lenzi inapoingia kwenye kamera za Sony), ndogo na bei zake sio za kutisha. Mwambieni ukweli kamili.

Mzee_wa_Negativu
Ukweli mtupu na sikupingi kwenye jicho. Lakini umesahau kwamba ameshasema hela inaishia a6400 na 16-50, hizo Sigma atanunua kwa hela gani? Na mtu wa sherehe hashindi f/1.8 kutwa nzima, anapiga f/4 au f/5.6 na flashi imeelekezwa darini, hapo kina cha fokasi (eneo la mbele na nyuma linalotoka kali) kinatosha na DSLR ya zamani inafanya kazi bila kulalamika. Picha za harusi zilikuwepo kabla ya fokasi ya jicho ndugu yangu.

mtu_wa_backup
Mimi nauliza kitu kimoja, kadi ikifa katikati ya harusi mnafanyaje? R50 na a6400 zina nafasi ya kadi moja. D7200 ina mbili za SD, picha inaandikwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. 5D nayo ina mbili, CF na SD, ila ile nafasi ya SD ni ya kizazi cha zamani ukiiambia iandike pamoja na CF kamera nzima inapungua kasi. Kwa kazi ya kulipwa mimi sipigi na kadi moja, harusi hairudiwi.

Chipukizi_wa_Picha
Nawasoma wote. Kwahiyo 5D na 50mm ndio mwisho wa mjadala? Maana ni fulfremu na flashi ya jamaa inaingia moja kwa moja na kila kitu kinaongea.

dada_shata
Hapana subiri. Na 50 peke yake utapigaje ukoo mzima umepanga mistari mitatu kwenye ukumbi mdogo? Utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni 😅 50 ni nzuri ya sura na ya watu wawili watatu, sherehe inataka lenzi pana. Kwenye 5D hapo unahitaji kitu kama 24-105 f/4 na hela imeshaisha.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda D7200 na Sigma 17-50 f/2.8, ile yenye kutuliza mtikisiko. f/2.8 mwanzo mpaka mwisho wa zumu, inapiga ukoo, inapiga keki, inapiga nusu mwili. Flashi ya jamaa achana nayo kama utaweza tafuta Godox hiyohiyo ya Nikon, ukiikosa ya Canon bado itawaka kwa mkono kama alivyosema Jicho_Kali.

fundi_mabodi
Naunga mkono ila naweka angalizo la kesho. Ukijenga kwa Canon EF, siku ukihamia mirolesi zao (kamera zisizo na kioo ndani) unaweka adapta ya EF-EOS R na lenzi zote zinafanya kazi na fokasi yake, mlango wa EF ulianza 1987 na hakuna aliyeachwa. Nikon adapta yao ya FTZ inabeba fokasi ya lenzi zenye mota ndani tu. Zile za AF-D za zamani zinazozungushwa na mota ya bodi zitafokasi kwenye D7200 ila kwenye mirolesi yao na FTZ utazungusha kwa mkono. Kwahiyo ukienda Nikon usivutwe na rahisi za AF-D, nunua zenye mota.

Na kwenye mtumba: Nikon inaandika hesabu ya shata (kamera imeshapiga mara ngapi) ndani ya faili la picha, piga moja ukaisome, shata ya D7200 imepimwa kufika 150,000. Piga ukuta mweupe kwa f/22 uone uchafu wa sensa. Lenzi imulike na tochi ya simu kwa nyuma uangalie ukungu ndani, ukiona kama nyuzinyuzi za buibui rudisha hela mfukoni.

Jicho_Kali
Na video? D7200 haina 4K.

Chipukizi_wa_Picha
Video nitaendelea na simu mkuu, wanaoniita wanataka albamu. Nimeshaongea na mwenye D7200, kanikubalia niende na kadi zangu mbili nipige nikasome hesabu ya shata mwenyewe. Mwenye hiyo Sigma 17-50 anicheki inboksi.

fundi_mabodi
Mwambie akutumie picha ya kitako chake (upande unaoingia kwenye kamera) kwanza. Hiyo lenzi ilitoka ya Canon, ya Nikon, ya Pentax na ya Sony A, kwa mbele zote zinafanana.