Pumzi inaniishia katikati ya mstari na solo ni mkesha wa Pasaka. Naombeni mazoezi

SautiYaKwanza
Wakuu, habari za jioni. Naimba sauti ya kwanza kwaya ya parokia, nimepewa solo ya mkesha wa Pasaka, zimebaki wiki tatu. Kuna mstari wa vipimo nane, mwendo wa taratibu, hakuna pa kuvuta hewa katikati. Mwaka jana mstari wa namna hiyo nilikuwa naumaliza na akiba inabaki. Tangu wiki ya pili ya Februari nikifika kipimo cha tano pumzi imekata, noti ya mwisho inashuka. Navuta hewa nyingi kuliko zamani, haisaidii.

Nimeshalipia kozi ya kupumua ya mtandaoni, ile ya kuvuta harakaharaka mara 30 halafu unabana. Swali langu ni moja tu: nifanye raundi ngapi kwa siku ili wiki tatu zitoshe?

MwalimuWaNoti
Binti, kabla ya raundi, jua mtaji wako. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukijaza mapafu hadi mwisho, unachoweza kukitoa ni kati ya lita 3 na 5. Lita moja na ushee hubaki ndani hata ukamue vipi. Kwa hiyo mwimbaji hapungukiwi hewa kirahisi, anaimwaga. Ukianza kuimba, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinataka kurudi juu kwa kasi na mbavu zinataka kuanguka. Kazi yako ni kuzichelewesha hizo mbavu.

Simama, viganja ubavuni chini, gumba zielekee mgongoni. Vuta kwa hesabu ya nne hadi mbavu zisukume viganja, mabega yatulie. Kisha toa "sss" nyembamba kama tairi lenye kitundu cha sindano, viganja visirudi ndani kabla ya nusu ya safari. Lengo ni sekunde 20, baadaye 25. Mara tano asubuhi, tano jioni. Wengi hukosea mwanzoni: "sss" nene ya sekunde tano za kwanza inakula nusu ya hewa.

Kosa jingine ni kuvuta juu ya hewa ya zamani. Ukirundika hivyo kifua kinajaa na hakuna cha kuimbia. Hebu niambie: ukimaliza "sss", kifua unakisikia kitupu au kimejaa?

Zumari_Lamu
Wapiga zumari hawakati kabisa. Unajaza mashavu hewa, unayabana yasukume ile hewa kwenye ulimi wa zumari, na sekunde hiyohiyo unavuta kwa pua. Jifunze na mrija kwenye glasi ya maji: mapovu yasikatike hata unapovuta. Ukikuta yanakatika, unavuta kwa pua kwa muda mrefu mno. Iwe ya haraka, kama mtu aliyeshtuka. Wiki mbili za dakika kumi kumi kwa siku, mapovu yanaungana.

MwalimuWaNoti
Ndugu Zumari, hilo ni la ala. Sauti ya mtu huzaliwa kooni kwa hewa inayotoka mapafuni. Hewa ya mashavuni iko mbele ya koo, haiwezi kutikisa nyuzi za sauti. Mrija kwenye maji utamfaa kwa kupasha koo tu: mrija uzame sentimita mbili au tatu, avumishe "uuu" kwa dakika mbili.

MbiziKilwa
Dada, usizidishe hizo raundi 30. Kuvuta harakaharaka hakuongezi oksijeni ya maana, maana damu yako tayari imejaa karibu asilimia mia. Kinachotokea ni kupunguza hewa ukaa, na hiyo ndiyo inayoupigia ubongo kengele ya kutaka kupumua. Kengele ikinyamaza unadhani una pumzi nyingi. Hewa ukaa ikishuka, mishipa ya ubongo hujibana, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi. Baharini hivyo ndivyo mtu anavyozimia majini bila kuhisi dalili. Usifanye ukiwa majini, usifanye umesimama, na kabla ya kupanda jukwaani usifanye kabisa.

SautiYaKwanza
Asanteni. Mwalimu, nimepima sasa hivi: sekunde 14. Nikimaliza kifua kinakuwa kimejaa, si kitupu. Mwishoni kunakuwa na kamluzi kembamba kifuani. Nadhani ni mafua ya vumbi, huku kwetu barabara inajengwa. Kozi nimeshalipia, mwalimu wa kozi anasema kizunguzungu ni ishara kwamba mwili unafunguka.

NesiWaZamu
Ngojeni kidogo na mbavu. Dada, una pumu?

SautiYaKwanza
Nilikuwa nayo utotoni. Sasa ni ya kawaida tu, haijanilaza hospitali. Tusihamie huko, naomba tubaki kwenye mazoezi.

NesiWaZamu
Kifua kilichojaa baada ya kutoa, na mluzi mwishoni, ndiyo mazoezi yenyewe hayo. Kwenye pumu kazi ngumu ni kutoa. Vijia vya hewa vikivimba na kubana, unapotoa vinafunga mapema na hewa inanaswa nyuma yake. Unavuta mpya juu ya iliyonaswa, kifua kinapanda, nafasi inakwisha. Ndiyo maana unavuta nyingi kuliko zamani na mstari haufiki.

Nijibu manne: unatumia inhela gani, mipulizo mingapi kwa siku, unaamka usiku kwa kubanwa, na ile ya kahawia, ya steroidi ya kutuliza uvimbe, uko nayo?

Mshauri_Mwema
Wimbo wa Bwana ni sala kabla haujawa solo. Kama mwili umechoka, mwachie mwenzako mstari huo. Kuna fahari gani ya kuimba peke yako huku unahema? Wanakwaya wa siku hizi mnapenda kusikika kuliko kuomba.

SautiYaKwanza
Mshauri, solo sikuiomba, nilipangiwa.

Nesi, sawa. Natumia ya bluu, salbutamoli ya kufungua mirija. Mipulizo miwili asubuhi, miwili kabla ya mazoezi, miwili usiku nikiamka. Ndiyo, naamka, karibu kila usiku tangu Februari. Ya kahawia niliacha Novemba. Ilinikwaruza sauti, na mwanakwaya mwenzangu aliniambia steroidi inaua sauti ya juu. Sitairudia, bora tuelewane mapema. Na ya bluu nimeizoea: zamani ilinitetemesha mikono, siku hizi hata haitikisi. Hii niliyonayo niliinunua tarehe 5 Januari na bado inapuliza vizuri, kwa hiyo hata bajeti haijanisumbua.

Hesabu_Haidanganyi
Wakuu, mimi naona tunanyweshwa chai. Leo ni tarehe 16 Machi. Tangu 5 Januari ni siku 70. Mipulizo sita kwa siku mara 70 ni 420. Kopo la salbutamoli la kawaida lina mipulizo 200. Kwa sita kwa siku, lilitakiwa kuisha baada ya siku 33, yaani tarehe 7 Februari au karibu na hapo. Kopo gani hilo lisiloisha? Kwanza tulificha pumu, sasa kopo la ajabu. Mtoa mada, watu wanaandika kwa moyo hapa. Kama umetunga, sema tulale.

BesiLaPili
Nilikuwa nafuatilia uzi kwa makini, kumbe. Hata mimi ile ya kuacha dawa kwa sababu ya sauti ilinipa shaka.

SautiYaKwanza
Sijatunga kitu. Kopo ninalo mkononi hapa. Nimelibonyeza sasa hivi, limetoa moshi, nikivuta nasikia baridi kooni kama kawaida. Halina namba nyuma. Nikilitikisa linacheza ndani. Mnataka nifanye nini?

NesiWaZamu
Hesabu, umepiga hesabu sahihi, ila hitimisho silo. Hajatunga. Kopo limekwisha dawa tangu Februari na bado linapuliza.

Sikilizeni, maana hili linaua watu kimyakimya. Ndani ya kopo kuna vitu viwili: dawa, na gesi iliyogandamizwa inayoisukuma. Kiwandani hujaza gesi ya ziada ili mipulizo yote 200 itoke na nguvu sawa. Baada ya 200, kipimo cha dawa hakiaminiki tena, lakini gesi inaendelea kutoka: moshi uleule, sauti ileile, baridi ileile kooni. Baridi ni ya gesi inayopanuka, haihusiani na dawa. Makopo mengi tunayouziwa hayana kihesabio, kwa hiyo macho hayawezi kujua.

Sasa dada, rudi kwenye ujumbe wako wa kwanza. Pumzi ilianza kukata wiki ya pili ya Februari. Kuamka usiku, Februari. Mikono kuacha kutetemeka: kuzoea kupo, sikatai, lakini dawa isipokuwepo mikono itatetemeshwa na nini? Umepuliza gesi tupu kwa zaidi ya mwezi.

Hesabu_Haidanganyi
Nafuta neno chai. Dada, nisamehe. Swali la kweli: angejuaje kama limeisha? Nimesikia unaliweka kopo majini, likizama lina dawa, likielea ni tupu.

NesiWaZamu
Hapana. Kuelea kunategemea gesi na umbo la kopo, hakuoneshi dawa, na maji yanaweza kuziba valvu. Hesabu ndiyo njia. Siku unapofungua kopo, andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, gawanya 200 kwa mipulizo yako ya siku, andika na tarehe ya mwisho. Ikifika, nunua jingine hata kama linapuliza.

Dada, usiku huu: nunua ya bluu mpya. Itikise, puliza hewani mara chache kwanza kwa kuwa ni mpya. Toa hewa yote, funga midomo vizuri, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta kwa sekunde nne au tano, bana hadi 10. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Wengi hubonyeza kisha ndipo wavute, au huvuta kwa kasi kama wanakunywa soda: dawa yote inagonga nyuma ya koo.

Kesho asubuhi kliniki, si duka la dawa. Mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu 2019 hautaki mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake, kwa sababu inafungua mirija bila kugusa uvimbe. Uliza kama kuna inhela ya mchanganyiko, budesonidi na formoteroli.

Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ukihema zaidi ya mara 25 kwa dakika, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri kliniki. Puliza ya bluu mpya mmoja mmoja, mipulizo minne hadi kumi, huku mtu akikutafutia usafiri wa hospitali. Unaweza kurudia kila baada ya dakika 20.

SautiYaKwanza
Nimeelewa kuhusu kopo. Nimetetemeka kwa kweli. Lakini steroidi bado nasita. Sauti ndiyo kila kitu kwangu, na mwaka jana ilikwaruza kweli.

MwalimuWaNoti
Ilikwaruza, nakuamini. Ni dawa kutua kwenye koo na nyuzi za sauti badala ya kushuka mapafuni, wakati mwingine na fangasi, ule utando mweupe. Ulikuwa unasukutua?

SautiYaKwanza
Hakuna aliyeniambia nisukutue.

NesiWaZamu
Basi hapo ndipo palipoharibika. Pulizia kabla ya kupiga mswaki, sukutua hadi kooni, tema, usimeze. Na tumia spesa, ile chupa ya katikati: matone makubwa yanabaki kwenye chupa, madogo yanashuka mapafuni.

Ukikosa ya dukani, tengeneza. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 kwenye jarida la Lancet ulikuta chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri inafanya kazi kama spesa ya kawaida kwa watoto wenye shambulio la pumu. Chukua chupa ya maji, ioshe. Chora kitakoni umbo la mdomo wa inhela. Pinda waya ufuate mchoro huo, uchome kwenye moto, utoboe nao. Mdomo wa inhela uingie kwa kubana, pembeni ziba na gundi au utepe. Wewe unafunga midomo kwenye mdomo wa chupa. Plastiki mpya hunasa dawa, kwa hiyo puliza ndani mara kadhaa kabla ya matumizi ya kwanza. Osha kwa maji ya sabuni kila wiki, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa unaipa umeme wa msuguano, na dawa inaganda kwenye kuta zake.

MbiziKilwa
Na ile kozi?

NesiWaZamu
Iache. Kuvuta harakaharaka kwa mdomo kunakausha na kupoza vijia vya hewa, na mwenye pumu hubanwa kwa hilohilo. Kupumua polepole kwa pua, kama alivyofundisha daktari Buteyko huko Urusi ya Kisovieti, kumewasaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza dalili na matumizi ya ya bluu. Uvimbe kwenye mirija hakuuondoi, kwa hiyo ni nyongeza ya dawa.

SautiYaKwanza
Mrejesho, siku ya tisa. Kopo jipya: mipulizo miwili, baada ya dakika tano mikono ikatetemeka kama zamani. Nililia. Kliniki wamenipa ya mchanganyiko na kile kibomba cha kupima mpulizo. Siku ya kwanza lita 250 kwa dakika, leo asubuhi 360, bora kati ya mara tatu. Usiku nimeamka mara moja tu wiki hii. "Sss" sekunde 22. Sauti haijakwaruza, nasukutua kama nilivyoelekezwa. Kozi wamekataa kurudisha hela.

Sasa nisaidieni la mwisho: mkesha una uvumba mwingi, na kwaya hukaa upande chetezo kinapopita. Nimwombe padre?

BesiLaPili
Mwombe kiongozi wa kwaya kwanza, akusogeze mwisho wa safu dirishani, na dirisha lifunguliwe kabla ibada haijaanza. Moshi ukishajaa umechelewa.

NesiWaZamu
Na ile inhela iwe mfukoni mwa joho, isibaki kwenye mkoba garini.

MwalimuWaNoti
Kuhusu mstari wenyewe: angalia kipimo cha tano, kama neno linaishia pale, iba nusu pigo. Usivute kwanza. Acha hewa iliyobaki itoke na konsonanti ya mwisho, mbavu zikae wazi, ndipo uvute kimya. Fanya hivyo mara sita leo kwa mwendo wa polepole kuliko wa ibada, kisha uniandikie ulipokwama.