Meno ya bledi yamemeguka kwenye plaiwudi ya mm 18: kosa la bledi au la shiti?

Patasi_Nne

Wakuu, salaam. Kazi ni makabati ya jikoni, shiti za dukani za futi 8 kwa 4, mm 18, uso mwekundu, tabaka za kati za mti mweupe mwepesi. Msumeno ni wa umeme wa mkono, bledi mpya ya mm 190 yenye meno 60 ya kabaidi. Katikati ya kuchana shiti ya tatu umetoka mlio mmoja mkali, msumeno ukaruka. Meno matatu yamemeguka ncha: mawili yamefuatana, la tatu liko peke yake. Mengine yote bado makali. Cheche hazikuonekana. Muuza bledi anailaumu plaiwudi, muuza plaiwudi anasema bledi ni feki. Nitajuaje ukweli, na shiti saba zilizobaki nizichaneje?

FundiMsasa

Mkuu, usitupe vile vipande viwili, majibu yamo humo. Tafuta mahali msumeno uliporuka, weka tochi ubavuni uangalie ukingo wa mkato. Kisha ingiza patasi kwenye mstari wa gundi, karibu na pale pale, upasue tabaka moja moja.

Ukikuta msumari, pini ya stepla au kipande cha waya, utaona chuma kimekatwa kinang'aa na mchirizi wa kijivu kwenye mbao. Ukikuta donge la gundi iliyoganda, litakuwa la kahawia au jeupe, gumu kama kioo. Ukikuta pengo kati ya vipande viwili vya vinia (zile tabaka nyembamba za mbao zinazogandishwa kuwa plaiwudi), na ndani yake kijiti au jicho la mti (fundo gumu la pale tawi lilipoota) lililolegea, hapo ndipo ningeweka dau langu kwa dalili ulizoeleza.

Sababu ni hii. Kabaidi ni chembe za tungsteni kabaidi zilizoshikizwa kwa kobalti. Haichakai upesi, lakini haivumilii kupigwa, hasa ubavuni. Bapa la bledi ni jembamba kuliko meno: meno yakiwa na upana wa mm 1.8 na bapa mm 1.2, kila upande unabaki na nafasi ya mm 0.3 tu. Jicho lililolegea likichomoka ndani ya pengo halina pa kwenda. Linabanwa kati ya bapa na ukuta wa mkato, na meno yanayofuata yanaligonga kwa ubavu. Ndiyo maana yanameguka mawili au matatu na mengine yanabaki salama.

Kama kosa lingekuwa mchanga au gundi kali iliyoenea, meno yote yangekuwa butu kwa pamoja, mkato ungenuka kuungua na ungekuwa mweusi. Bledi feki nayo ina alama yake: jino linang'oka zima na kuacha kiti kitupu, maana kasoro iko kwenye kulichomelea. Ncha kumeguka huku kiti kikiwa kizima ni dalili ya pigo.

Mama_Fenicha

Naongezea upande wa kununua, kwa sababu hasara hii inaanzia dukani. Usikubali shiti kabla ya kuona kingo zake zote nne. Pengo linalotokea ukingoni mara nyingi linaendelea ndani, na baadhi ya viwanda hulijaza pati (dawa ya kuziba mashimo) halafu kuipaka rangi ya mbao. Kwaruza kwa ncha ya msumari: pati inatoa unga, mbao inatoa uzi.

Kisha ilaze shiti juu ya vipande viwili vya mbao, uigonge kwa kifundo cha kidole kila baada ya kiganja kimoja. Mlio ukibadilika ghafla ukawa wa debe tupu, zungushia penseli. Sogeza na rula ndefu iliyonyooka juu ya uso huku mwanga ukitoka ubavuni. Mbonyeo unaonyesha pengo chini yake, uvimbe unaonyesha vinia mbili zimepandana.

Uzito pia unasema kitu. Shiti ya kipimo hicho yenye msongamano wa kilo 550 kwa mita ya ujazo inakaribia kilo 30. Mbili za fungu moja zikipishana kilo kadhaa, kagua ile nyepesi zaidi. Na tafadhali msiuamini muhuri wa "marine" (plaiwudi ya vyombo vya majini) peke yake. BS 1088 ni kiwango halisi cha Uingereza chenye masharti ya tabaka za ndani, ila kugonga muhuri hakuthibitishi chochote.

Patasi_Nne

Nimepasua. Ni pengo la karibu mm 12 kwenye tabaka ya tatu, na jicho jeusi limevunjika ndani. Asanteni sana. Sumaku ingesaidia?

Kikato_Safi

Kwa jicho la mti haisaidii, ndugu. Kwa pini inasaidia: chukua sumaku ya "hard disk" mbovu ya kompyuta, ining'inize kwa uzi, ipitishe polepole juu ya mstari wa mkato. Pitisha pande zote mbili, maana pini iliyo karibu na uso wa pili itakupita.

Kwa shiti saba zilizobaki, usianze na bledi ya meno 60. Funga ya meno 24, chana kila kipande ukiacha mm 5 za ziada. Jino la bledi hiyo lina mwili mkubwa na nafasi pana ya kutolea takataka mbele yake. Mkato huo wa kwanza unafungua kingo, unaona mapengo kwa macho, unayatoa majicho yaliyolegea kwa patasi. Ndipo unamalizia kwa meno 60 hadi kipimo kamili.

Kina cha bledi kiwe mm 24 hivi, yaani meno yatokeze mm 6 chini ya shiti. Laza shiti nzima juu ya ubao wa povu gumu ili mkato usijifunge. Uso mzuri uwe chini, kwa sababu msumeno wa mkono unakata kutoka chini kwenda juu. Sauti ikibadilika, achia swichi, subiri bledi isimame, ndipo uitoe. Usirudi nyuma ikiwa inazunguka. Na miwani ya kazi ivaliwe, kipande cha kabaidi kinaruka kwa kasi.

FundiMsasa

Kuhusu ile iliyomeguka: isirudi kazini hivyo, meno yanayofuata pengo yanabeba mzigo wa yaliyoharibika. Angalia kwanza mabonde kati ya meno kama kuna ufa. Ukiuona, bledi hiyo ni ya kutupa. Ikiwa nzima, mpelekee mnoaji mwenye jiwe la almasi, abadilishe meno matatu kwa kuyachomelea kwa madini ya fedha. Akisema atanoa tu, atalazimika kushusha meno yote 60 hadi usawa wa lililomeguka zaidi, na kabaidi yako itaisha mapema. Linganisha bei yake na ya bledi mpya kabla ya kukubali.