Kundi letu la wakunga limegeuka soko. Nijitoe au tulitengeneze?

Mkunga_wa_Ngambo
Asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ndogo upande wa Likoni. Zamu ya usiku tuko wawili tu. Mwaka juzi tulifungua kundi la WhatsApp, wakunga wa Mombasa na wachache wa Kwale, tuwe tukiulizana na kufunzana. Sasa tumepita mia, na ukilifungua asubuhi ni dera za kuuza, dua za kusambaza na picha za harusi.

Juma lililopita, saa nane usiku, mama wa mtoto wa nne alijifungua vizuri, kondo likatoka zima, lakini damu haikukoma. Mji wa mimba ulikuwa umelegea kama donge la mahamri. Mwenzangu alishika simu ya kuita ambulansi, mimi naukanda kwa mkono mmoja huku natafuta mshipa. Alhamdulillahi, yu hai. Alfajiri, mikono ingali inatetemeka, niliuliza kundini kama dawa ya traneksamiki, ile ya kuzuia damu, ningeitoa mapema zaidi. Chini ya swali langu likaja tangazo la viatu. Jioni yake mtu akaweka picha ya mgonjwa, uso wazi kabisa. Nimeumia sana. Nifanyeje?

Tabibu_Kisauni
Pole dada, na hongera kwa huyo mama. Swali lako nalijibu hapa. Traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila robo saa ikipita faida yake inapungua. Usingoje oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ishindwe kwanza. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa 2023, ulipima damu kwa mfuko maalumu unaowekwa chini ya mama, kisha kukanda, oksitosini, traneksamiki, dripu na uchunguzi vikafanywa kwa mkupuo mmoja. Visa vya damu nyingi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60.

Ila dharura ikiwa mbele yako, usiandike kundini. Piga simu. Kundi ni la kesho yake.

Mkufunzi_Mvita
Kundi halifi kwa matangazo, linakufa kwa kukosa kazi. Daktari Sanjeev Arora wa New Mexico, Marekani, alianzisha mradi wa ECHO mwaka 2003 kwa sababu wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wengi na mabingwa wachache. Matabibu wa vijijini walileta kesi zao kwa video, bingwa na wenzao wakazijadili pamoja, siku na saa ileile. Nyinyi hamhitaji video, inakula bando. Chagueni saa moja kwa juma, kesi moja: mimba ya ngapi, kilichotokea, ulichofanya, swali lako. Matangazo yafungulieni kundi lake, watu wana njaa zao.

Karani_wa_Kumbukumbu
Ile picha ifutwe leo, na aliyeituma aambiwe faraghani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na kuficha jina pekee hakutoshi: ukiandika "mama wa mapacha watatu, Likoni", mtaa mzima washamjua.

Bi_Mstaafu_Tudor
Mwanangu, wote wamesema dawa na sheria, mimi nimeishika ile mikono inayotetemeka. Miaka yangu ya wodini nilipoteza mama mmoja na sikumwambia mtu. Nilipanda feri na sare ina damu kwenye pindo, nikafika nyumbani nikafua, nikapika. Nilikaa miezi siwezi kuingia leba bila kifua kubana. Kilichonifungua ni mwenzangu aliyenikalisha jiko la wodi, akanimiminia chai, akaniuliza tu: "Alikuwa anaitwa nani?" Nikalia mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo ndani ya kundi kubwa wekeni kundi dogo, watu kumi wanaojuana sura. Huko hapaulizwi kipimo cha dawa.

Mkunga_wa_Ngambo
Shikamoo Bi, umeniliza kwenye matatu. Sijitoi. Picha imefutwa, na nimeongea na aliyeituma. Kumbe naye alitaka msaada, hakujua namna ya kuuomba. Tunaanza Jumatano saa tatu usiku, watoto wakilala. Kesi ya kwanza ni yangu, ile ya saa nane. Tabibu, utakuwa zamu siku hiyo?